Tusimlaumu Mwenye Sululu

Neno "uzembe" ni jepesi sana kulitamka pale ambapo anayelaumiwa hana mahali pa kujibu. Muhula uliopita, katikati kabisa ya UE, lilibandikwa tangazo la mistari miwili kwenye ubao wa hosteli: umeme wa mabweni mawili umekatika kutokana na uzembe wa mtunza bustani, uongozi unaomba radhi kwa usumbufu. Basi. Tukasoma, tukasonya, kila mtu akashika njia yake kutafuta sehemu ya kuchaji simu. Wapo waliotukana kabisa, tena kwa sauti, yule mzee akisikia.

Naomba turudi kwenye lile tangazo, wanachuo wenzangu, kwa sababu naamini lilimtaja mtu asiye sahihi. Na si kwamba nafukua makaburi. Serikali yetu ya wanafunzi imeshatangaza zoezi la kupanda miti mwezi ujao, na eneo lililotajwa ni lilelile la mbele ya mabweni. Safari hii atakayeshika sululu si mzee wa bustani. Ni mimi na wewe.

Kilichotokea

Kwa ambao walikuwa field: mkandarasi wa usafi na bustani alitakiwa kupanda ua wa michongoma pembeni ya njia ya kwenda kafteria, ili tuache ule mchezo wetu wa kukatisha kwenye nyasi. Asubuhi msimamizi akaja, akavuta kamba kutoka kona ya bweni mpaka kwenye nguzo ya taa, akamwambia mzee achimbe mtaro kufuata kamba. Kwenye saa nne hivi sululu ikagonga. Waliokuwa vyumba vya chini walisikia mlio kama tairi la lori limepasuka. Taa zikazima, feni zikasimama. Ncha ya sululu ililiwa na moto, ikabaki na pengo kama jino lililovunjika. Mzee aliruka nyuma akaanguka juu ya udongo aliouchimba mwenyewe. Kilichomwokoa ni Mungu na mpini wa mti mkavu.

Giza lilichukua siku tatu. Pampu ya maji nayo ilikuwa inakula umeme kwenye laini ileile, kwa hiyo tukawa tunapanda ngazi na ndoo. Watu walisoma kwa tochi za simu mpaka simu zenyewe zikazima. Sijui nani alipata sapu kwa sababu ya zile siku tatu, lakini sidhani kama hayupo.

Wiki iliyofuata nilimkuta mzee amekaa chini ya mwarobaini karibu na stoo ya vifaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama hakuambiwa kuwa pale kuna waya.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilionyeshwa kamba. Ningeonyeshwa waya, ningechimba?"

Mwisho wa mwezi akaambiwa gharama ya matengenezo itatoka kwenye ujira wake. Ukakatwa wote. Mwezi uliofuata akaambiwa asije tena.

Kwa nini ua na waya hukutana

Kuna watu wanadhani ile ilikuwa bahati mbaya, kwamba katika uwanja mkubwa hivi sululu moja kuangukia waya mmoja ni ajali ya nadra. Hapana. Ukifikiria kidogo utaona ilikuwa karibu lazima itokee.

Fundi anayezika kebo hapiti katikati ya uwanja. Anafuata pembezoni mwa njia, kandokando ya jengo, kutoka nguzo ya taa moja hadi nyingine, kwa sababu huko ndiko kunakohitaji umeme na huko ndiko mstari unanyooka. Na anayepanda ua wa maua, anakwenda wapi? Pembezoni mwa njia, kandokando ya jengo, kutoka nguzo hadi nguzo. Watu wawili, kazi mbili, miaka tofauti, wanachora mstari mmoja juu ya ardhi bila kujuana. Ile kamba ya msimamizi ilikuwa kama imelazwa juu ya kebo kwa makusudi.

Sasa ongeza suala la kina. Marekani, kanuni za umeme zinataka kebo inayozikwa moja kwa moja ardhini iwe chini kiasi cha sentimita 60 hivi, na ikiwa ndani ya bomba la PVC, kama sentimita 45. Uingereza, kebo za umeme wa kawaida chini ya njia za miguu huwekwa kwenye sentimita 45 hivi. Tulioshika jembe shuleni tunakumbuka kipimo cha shimo la mche wa matunda: sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Linganisha namba hizo. Shimo la muembe lililochimbwa kwa vipimo vya mwalimu wa kilimo linafika palepale kebo ilipolala, hata kama fundi aliizika vizuri.

Na si kila fundi aliizika vizuri. Hata aliyeizika vizuri hawezi kuahidi kwamba udongo wa juu utabaki palepale. Mvua za masika zinahamisha udongo, mafagio ya kila asubuhi yanaupunguza, greda linakuja kusawazisha eneo la maegesho. Kebo iliyokuwa nusu mita chini mwaka ule, leo inaweza kuwa kiganja kimoja na nusu. Ndiyo maana wanaojua kazi hawasemi "iko chini sana, usijali". Kina ni habari ya siku ile ilipozikwa tu.

Umeme wa chini si mpole

Tumezoea kuogopa waya uliokatika ukaning'inia kwenye nguzo. Mtoto wa chekechea anajua asiuguse. Uliozikwa hauonekani, kwa hiyo hauogopwi. Lakini ni umeme uleule: volti 230 kwenye laini moja, volti 400 kati ya fezi na fezi.

Kebo ya kuzikwa ina matabaka. Katikati kuna nyaya za shaba au alumini, kila moja imevikwa plastiki ya kuzuia umeme. Juu yake, kwenye zile imara, kuna nyuzi za chuma zilizozungushwa kama deraya, kisha ganda la nje, mara nyingi jeusi. Ile deraya imeunganishwa na ardhi. Sululu inapotoboa mpaka kwenye shaba huku inagusa deraya, umeme unapata njia ya mkato. Mkondo mkubwa unapita pale kwa kufumba na kufumbua, joto linafika maelfu ya nyuzi, chuma kinayeyuka na kurushwa. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, katika mwongozo wake wa kuchimba karibu na nyaya, inaeleza kuwa majeraha ya ajali hizi kwa kawaida hutokana na mlipuko huo na moto unaofuata. Kwa hiyo mwenye sululu anaweza asipigwe shoti hata kidogo na bado akaungua uso na mikono.

Na akipigwa shoti, je? Swichi za kulinda watu majumbani hupangwa zikate umeme pale mkondo unaovuja unapofika miliampia 30, maana kuanzia hapo moyo uko hatarini. Balbu ndogo ya wati 10 inayoning'inia chumbani kwako inatumia zaidi ya miliampia 40. Yaani kinachoweza kumuua mtu ni kidogo kuliko kinachowasha balbu. Sasa kebo kubwa inayolisha bweni zima, kwa kawaida hailindwi na swichi ya namna hiyo. Inalindwa na fyuzi au breka kubwa inayosubiri mamia ya ampia ndipo ikate. Kwa breka hiyo, mwili wa binadamu ni mzigo mdogo sana, haushtuki.

Kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo baya kuliko yote: kebo iliyojeruhiwa ikanyamaza. Sululu inachubua ganda la nje, hakuna mlio, taa haziziki. Mchimbaji anaona mchubuko. Afanye nini? Akisema, atakatwa mshahara. Akifukia, hakuna atakayejua. Maji yanaingia taratibu kwenye ule mchubuko, na siku moja ya mvua, miezi kadhaa baadaye, kebo inapasuka yenyewe, au chuma cha karibu kinakuwa na umeme na mtu anakigusa akiwa ametoka kuoga.

Sisi wa elimu tunalijua hili kwa jina lingine. Mwanafunzi anayechapwa kila akikosea jibu, haachi kukosea. Anaacha kunyoosha mkono. Uongozi ulipomkata yule mzee ujira, ulidhani umefundisha vibarua kuwa makini. Somo walilolipata ni kwamba ukigonga waya, fukia haraka.

Sheria inasemaje

Hebu tuache huruma kidogo tuangalie sheria, maana wapo watakaosema mzee aliharibu mali ya watu na mali lazima ilipwe.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu hivi hivi tu kwa sababu kitu kimeharibika. Inabidi hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Inabidi mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokipiga hesabu. Inabidi mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na hata hayo yote yakitimia, makato yasizidi robo ya ujira. Robo! Mzee alikatwa wote, na maandishi pekee yaliyowahi kuonekana ni lile tangazo la ubaoni ambalo lilikuwa la kwetu sisi, si la kwake.

Halafu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Roho ya sheria ile ni kwamba mwenye kazi ndiye anayepaswa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama na kwamba mfanyakazi anaelezwa hatari zilizopo. Kwa hiyo swali la kwanza pale lilikuwa ni nani alimpeleka mzee palepale bila kumwambia kuna nini chini. "Kwa nini hakuwa makini" lilipaswa kuja baadaye, kama lingekuja.

Tena fikiria umakini wenyewe. Uwe makini na nini? Hakuna alama juu ya ardhi. Hakuna ramani. Hakukuwa na utepe wa onyo wala tofali juu ya kebo, wote tuliopita tukachungulia ule mtaro tuliona. Ni kama mimi nitunge mtihani wa mada ambayo sijafundisha, kisha niandike "hana bidii" kwenye ripoti ya mtoto. Mwalimu mkaguzi akinikuta, nani mwenye kosa?

Kuuliza si ujinga

Wenzetu walifanyaje? Marekani, tangu mwaka 2007 kuna namba moja ya simu ya nchi nzima, 811. Mtu akitaka kuchimba, hata kama ni shimo la kupanda mti nyumbani kwake, anapiga siku chache kabla. Kampuni zenye miundombinu eneo hilo zinakuja kuweka alama juu ya ardhi bila malipo: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji ya kunywa, rangi ya machungwa ni mawasiliano, kijani ni maji taka. Mchimbaji anafika anakuta ardhi imeshajieleza.

Kuna kipengele kimoja cha utaratibu ule ambacho kinatuhusu sana. Kwa kawaida wale wa 811 huishia kwenye mita. Waya unaotoka kwenye mita kwenda bandani, kwenye taa za bustani au kisimani ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kujua ulipo. Chuo chetu kiko hivyohivyo. Mamia ya mita za kebo zilizo ndani ya uzio wetu ziko upande wa mteja. Huwezi kumsukumia mpira mtu wa nje. Kila kebo iliyo chini ya miguu yetu ilizikwa na mtu, ikalipiwa na ofisi fulani, ikakaguliwa na fundi fulani. Kwa hiyo kuna siku ambapo habari ilikuwepo. Tatizo ni kwamba iliwekwa kichwani mwa watu, na kila fundi anayestaafu anaondoka na kipande cha ramani.

Nimeshasikia majibu. La kwanza: chuo hakina hela. Nakubali hakina. Lakini siku tatu za jenereta ya kafteria, boza za maji na fundi wa dharura hazikuwa bure. Tena tuna wenzetu wa uhandisi na wa upimaji ardhi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada ya mradi. Wapeni mafundi wawili wakongwe wazunguke nao wiki mbili wakiwaonyesha "hapa tulipitisha hivi mwaka fulani", wapeni kifaa cha kutafutia kebo, watachora. Haitakuwa ramani kamili. Ramani yenye mapengo yaliyoandikwa "hapa hatujui" ni bora kuliko kamba ya msimamizi.

Jibu la pili: si kuna vile vifaa vya kutambua nyaya, mchimbaji apitishe tu? Vifaa vipo na vinasaidia sana, lakini havifanyi miujiza. Vingi vikiwekwa kwenye hali ya kawaida vinasikia mkondo unaopita kwenye waya. Kebo ya taa za njiani, saa nne asubuhi, haina mkondo unaopita kwa sababu taa zimezimwa. Kifaa kinaweza kupita juu yake kikanyamaza, na wakati huohuo sehemu ya kebo ile ikawa ina umeme kamili unasubiri swichi. Ndiyo maana wataalamu hutumia pia kirusha mawimbi kinachounganishwa kwenye kebo ili isikike hata ikiwa imelala. Kifaa bila ramani, na bila mtu aliyefundishwa kukitumia, kinampa mchimbaji uhakika wa uongo.

Jibu la tatu lilitoka kwa rafiki yangu wa chumba: si bora nyaya zote zipite juu kwenye nguzo tuone kila kitu? Matawi, upepo na nguzo zilizooza navyo vinaua. Kuzika si kosa. Kosa ni kuzika bila kuandika.

Shuleni itakuwaje

Kuna mtu atauliza, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa elimu, si aachie mainjinia? Yananihusu kuliko mainjinia.

Tangu Mwalimu Nyerere aandike Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jembe ni kifaa cha shule Tanzania kama chaki. Tulilima bustani, tulichimba mashimo ya taka, tulipanda miti Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni. Ni jambo jema na sitaki life. Lakini shule nyingi za enzi hizo hazikuwa na umeme. Leo, kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, nguzo zimefika kwenye shule ambazo wazazi wetu walisoma kwa kibatari. Umeme ukishafika ofisini, mkuu wa shule anataka uende maabara, halafu nyumba ya mwalimu, halafu kisimani. Anaitwa fundi wa mtaani. Anachimba kiganja kimoja, analaza waya wa ndani ya nyumba ambao hata haukutengenezwa kuzikwa, labda ndani ya bomba jembamba, anafukia, analipwa, anaondoka. Miaka miwili baadaye mwalimu wa zamu, mgeni, ametoka chuo juzi, anasimama mstarini: "Darasa la sita, chukueni majembe, tunachimba pale nyuma ya ofisi."

Huyo mwalimu wa zamu ni mimi. Ni wewe wa ualimu unayesoma hapa. Na mwenye jembe ni mtoto wa miaka kumi na miwili asiye na hata viatu. Tutabandika tangazo gani ubaoni siku hiyo? Uzembe wa mwanafunzi?

Ninachoomba kabla ya mwezi ujao

Simalizii kwa kusema "wahusika walichukulie suala hili kwa uzito". Tumechoka na sentensi hiyo. Naomba mambo matano, na natamani wabunge wetu wa wanafunzi wayapeleke kikaoni yakiwa hivihivi.

Moja, zoezi la miti lisianze mpaka fundi umeme wa chuo atembee eneo lote na kuweka alama, kwa chokaa au vigingi, kila mahali anapojua au kushuku pana kebo. Likichelewa wiki mbili, mvua zitakuwepo bado. Na miti isipandwe juu ya mistari hiyo hata kama shimo linawezekana, maana siku kebo itakapohitaji matengenezo, mti wetu ndio utakaokatwa kwanza.

Mbili, kuanzie sasa kuwe na kibali cha karatasi moja kwa yeyote anayechimba ndani ya chuo kupita kina cha kiganja: nani anachimba, wapi, kina gani, na sahihi ya fundi umeme kwamba amepaangalia. Karatasi moja tu. Kuazima projekta ya darasani tunajaza fomu tatu.

Tatu, pale palipounganishwa muhula uliopita pachunguzwe upya. Kiungo cha kebo kilichofanywa haraka kinaingiza maji. Kama kimefanywa vizuri, tuambiwe, pawekwe utepe wa onyo na alama ya zege juu.

Nne, kila atakayechimba, kibarua au mwanachuo wa kujitolea, apewe nusu saa ya mafunzo. Si sayansi ngumu. Karibu na alama, tumia koleo badala ya sululu, na chimba kutokea pembeni ukisogelea taratibu, si kutokea juu. Ukikuta mchanga laini mahali ambapo udongo wetu ni mwekundu, au matofali yaliyopangwa, au utepe wa plastiki, simama, mtu aliweka pale kwa sababu. Ukikuta zege limefunika kitu, usilivunje. Usiamini kebo yoyote imekufa kwa sababu taa hazijawaka. Ukigonga, achia kifaa, ondoka, zuia wenzako wasisogee, usikirudie kifaa kukichomoa, piga simu umeme uzimwe. Mwenzako akiwa amenaswa, zima umeme kwanza ndipo umguse. Aliyeungua, umeme ukishazimwa, amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 akiwa anaandaliwa kupelekwa hospitali, si dawa ya meno. Na iandikwe wazi kwenye kibali: anayetoa taarifa ya mchubuko hatakatwa chochote. Bila sentensi hiyo, nne zote zilizobaki ni maigizo.

Tano, mzee. Serikali ya wanafunzi haimwajiri mkandarasi, najua. Lakini chuo ndicho kinachompa mkataba, na sisi ndio tuliokaa kimya tangazo lilipobandikwa. Tunao wanafunzi wa sheria wanaotafuta pa kujifunzia, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa migogoro ya namna hii. Naomba wizara ya sheria ya serikali yetu imtafute mzee, imweleze haki yake ya kifungu cha 28, na imsindikize kama atataka kuidai. Muda wa kufungua malalamiko ya kazi una kikomo, kwa hiyo jambo hili haliwezi kusubiri uchaguzi wetu upite.

Na lile tangazo, kama bado lipo kwenye faili la mtu, litolewe lingine. Liseme umeme ulikatika kwa sababu chuo hakikujua nyaya zake zilipo. Mistari miwili inatosha.